Dude Lenye Sauti ya Mama

Ninaishi Kisasa, mtaa wa Dodoma ulioitwa hivyo kabla haujawa na cha kisasa hata kimoja, na kazi yangu ilikuwa kuchora vitu vya kizamani. Watu wakiniuliza ninafanya nini, nilikuwa najibu "michoro" tu. Walidhani ni ramani za nyumba, wakaanza kunieleza habari za viwanja vyao vya Nala na Ihumwa, nami nikawasikiliza. Kumweleza jirani mtumishi wa wizara kwamba mwanamke mzima, mwenye shahada, anaamka asubuhi kubuni madude ya chuma yasiyokuwepo duniani ili watoto wa nchi za watu wayalipue kwenye gemu, ni kujitafutia maneno mtaani.

Kampuni iliyonipa kazi ilikuwa ya nje, na msimamizi wangu nilimjua kwa sura ya kwenye kioo cha kompyuta tu: kijana mpole mwenye ndevu, anayeomba samahani kabla ya kila sentensi. Alitaka maadui. Alitaka mitambo inayoendeshwa kwa rimoti, lakini si rimoti za leo. Alitaka kesho kama walivyoiota watu wa jana. Yaani vifundo vya kuzungusha, antena ndefu, balbu za redio zinazochelewa kuwaka, nyaya nje nje. Mwendeshaji haonekani. Yuko mbali huko, amekaa na kisanduku chake, na dude linatii.

Kazi ile niliipenda, nisiseme uongo. Dude la kwanza nililipa tumbo la mashine ya kusaga, na mkanda wake unaopigapiga, shingo ya bomba la kisima na kichwa cha redio ya mbao. Miguu ndiyo iliyonisumbua. Nikilipa magurudumu linakuwa trekta, nikilipa miguu miwili linakuwa mtu. Mwishowe nikalipa mitatu, kama kigoda, likaanza kutembea vibaya, linachechemea na kutafuta pa kukanyaga, na hapo nikajua nimelipata. Uwanja wake ulikuwa nyanda kavu, udongo mwekundu na majabali yale ya kwetu yaliyobebana bila sababu. Mchezaji akijificha nyuma ya jabali mawimbi hayafiki, na dude linabaki limesimama, linazungusha kichwa, halijui tena limetumwa nini.

Hilo la mawimbi nililipata kwa mama. Kabla ya kustaafu mama alikuwa mpokeaji wa simu ya upepo katika hospitali ya misheni huko Mpwapwa, na mimi nimekulia mlangoni mwa kile chumba chake chenye redio, kiti na kalenda. Zahanati za vijijini zilikuwa zinamwita yeye. Kwenye milima ile kulikuwa na mahali ambapo sauti haifiki kabisa, na mahali ambapo inafika nusu, na mama alikuwa anayajua yote. Kwa hiyo alijizoesha kusema polepole, neno moja moja, kama anayepanga vyombo kabatini. "Mama mjamzito. Anatoka damu. Leteni gari. Nimesema, leteni gari. Ovaa." Hakuwahi kupandisha sauti. Alisema ukipiga kelele redio inapasua maneno, na anayesikiliza upande wa pili anapata makelele badala ya mgonjwa. Hata nyumbani alituita kula kwa mtindo huohuo, na ole wako usiitikie.

Mwaka ule sauti yake ilianza kukwaruza. Tulidhani vumbi, tukadhani mafua, tukachemsha tangawizi na kila kinachochemshwa. Nilipomleta Dodoma kwenye hospitali kubwa, daktari alimwingiza kamera puani, akatuita wote wawili, akasema ni saratani, na iko kwenye zoloto.

"Zoloto ni nini, mwanangu?" mama alimuuliza.

"Ni kile kisanduku cha sauti, mama. Kipo hapa kooni."

"Ahaa. Nilidhani mchezaji wa mpira."

Daktari alicheka, mimi sikuweza. Akaeleza kwamba njia ni moja, kukitoa chote. Mama angepumua kwa tundu shingoni, angekula vizuri, angeishi Mungu akipenda miaka mingi, ila asingesema tena. Mama akauliza yeye ambaye hajawahi kuvuta hata ugoro amekosea wapi. Daktari akamwambia hajakosea popote. Sikumbuki tulivyorudi nyumbani. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa na hasira na kila mtu niliyemsikia akiongea upuuzi njiani, nikiona wanatumia vibaya kitu ambacho mama yangu anakwenda kunyang'anywa.

Basi, dude langu wakati huo lilikuwa limekamilika isipokuwa sauti. Kampuni, iliyotaka maadui waseme lugha ya kwetu, ilikuwa imeniletea sauti ya kijana mmoja aliyenguruma kwa Kiswahili cha kusomeshwa, "Nitakuua! Hutoroki!" Siku moja mama alikuwa amekaa nyuma yangu anakunywa uji, akaisikia. Akasonya.

"Hilo dude halina wazazi?"

"Ni adui, mama."

"Adui ndiyo anapiga kelele hivyo? Mtu anayeliendesha si yuko mbali? Atasikikaje?"

Nikageuka nikamtazama. Alikuwa anasema kweli. Chombo cha zamani kinachopokea amri kwa mawimbi kisingenguruma. Kingesema kama alivyokuwa anasema yeye. Nikamwomba anitolee sauti, na nitasema wazi kwamba dude lilikuwa kisingizio. Nilitaka kuichukua sauti ile kabla ya wenye visu. Mama alijua, maana alinitazama kwa muda kabla ya kukubali, akasema haya, lete hicho kidude chako.

Upepo wa Dodoma haumwachi mtu arekodi kitu. Tulijifungia ndani ya kabati langu la nguo, mablanketi juu, mablanketi chini, mama juu ya stuli na mimi nimechuchumaa kwenye viatu. Nikampa karatasi ya maneno. Akaisoma, akairudisha.

"Mimi kinywa changu hakijasema nitakuua hata kwa mwizi wa kuku. Nitasema mengine. Tena kuna neno sitalitamka kabisa hata ukinipigia magoti, nalo ni laana. Mzazi hatanii na laana. Maneno huumba."

"Sasa litasema nini, mama?"

"Kwani linafanya nini?"

"Linaingia kwenye nyumba aliyojificha mchezaji."

"Linaingia bila hodi?"

Nilianza kucheka, kisha nikaacha, maana niliona gemu yote imebadilika pale pale kabatini. Dude linakuja mpaka mlangoni, linasimama, linabisha hodi. Linabisha mara tatu kama mtu mwenye adabu zake, na lisipoitikiwa linaondoka. Tukarekodi hodi. Ya kwanza aliisema kwa upole, ya pili kwa mtu anayedhani hakusikika, na ya tatu ilikuwa na uchovu kidogo, na mkwaruzo wake wa ugonjwa ukaingia katikati ya neno. Katikati alikuwa ananisemesha mambo yake: mwanangu hapa kuna joto, mwanangu hicho kitu umekiwasha kweli, mwanangu utapika nini leo. Yote yaliingia kwenye kinasa, nami sikuyafuta.

Mkataba wa kampuni ulisema sauti inayotolewa ni mali yao. Nilimsomea mama kipengele hicho mara mbili na nikamwambia anaweza kukataa. Akachukua kalamu akasaini.

"Si inang'olewa wiki ijayo? Wachukue. Mbwa wangeila bure."

Kabla ya kumpeleka hospitali niliwaita wanafunzi wa chuo, vijana wa kompyuta wanaonijua, waje waijaribu gemu sebuleni kwangu. Mchezaji amejificha ndani ya nyumba, dude liko nje, linabisha. Kwenye kioo kuna kitufe kimeandikwa "Itikia". Hakuna mahali palipoandikwa kwamba lazima kibonyezwe. Ukikaa kimya umepona.

Hakuna aliyepona. Wa kwanza alibonyeza hata kabla neno halijaisha, mlango ukafunguka, dude likaingia. Wa pili akasema yeye si mjinga kama mwenzake, akavumilia hodi ya kwanza, akavumilia ya pili, huku anajipindapinda kwenye kochi, na ya tatu ikamshinda. Wa tatu, binti, hakugusa kitufe kwanza, alisahau tu kwamba yuko kwenye gemu, akaitikia kwa mdomo, "Karibu mama!", kisha akabonyeza kwa aibu ya kutomfungulia. Walicheka mpaka mmoja akatoka nje. "Mgeni njoo mwenyeji apone," akasema akirudi, "huyu mgeni kaja, mwenyeji kafa!" Mama alikuwa amekaa pembeni na khanga mdomoni, mabega yanamtikisika. Nilimwona amefurahi, na kwa siku ile nilisahau.

Wakamfanyia upasuaji, na Mungu alisaidia akarudi.

Ukimya wa mtu aliyekuwa anasema ni tofauti na ukimya wa nyumba tupu. Nilikuwa najua yuko jikoni kwa sababu ya pumzi yake, fuu, fuu, inayotoka kwenye tundu lililofunikwa kitambaa cheupe. Aliongea kwa mikono, kwa macho na kwa ujumbe wa simu, na kila ujumbe aliumaliza kwa neno Ovaa hata kama ameandika "chumvi". Chakula kilikuwa kinapita vizuri, hasa mlenda, ambao hata mzima hautafuni. Kilichomtesa kilikuwa mlangoni. Mama muuza mboga alikuwa anakuja kila siku, anabisha hodi, mama ndani anasikia na hawezi kuitikia. Muuza mboga anabisha tena, anabisha ya tatu, anajitwika beseni lake anaondoka. Jirani Mgogo mwenzake aliyezoea kupita kumsalimu kwa kilugha, "mbukwa", na kukaa akapunguza kuja, akisema kila akija hakuna mtu. Nilipokuwa nje mama alikuwa anashinda ndani ya nyumba iliyojaa hodi. Mwishowe akaweka mfuniko wa sufuria na kijiko karibu na mlango, na mtu akibisha anagonga. Watu walizoea. Lakini nilimwona siku moja baada ya kugonga amekaa ameshika kile kijiko mapajani, anakitazama, nikaingia chumbani kwangu nikalia.

Msimamizi wangu akaniita. Samahani, akasema, lakini wachezaji wa kwao wanachoka. Dude linakuja mlangoni linasimama tu. Hakuna anayeitikia. Wanangoja linaondoka, wanauliza huyu ni adui gani. Nilimweleza hodi ni nini na karibu ni nini, nikamweleza na wale wanafunzi wangu. Akasikiliza kwa heshima zote. Akasema sauti yenyewe wameipenda mno, hasa ule mkwaruzo, hawajawahi kusikia kitu kinachotisha hivyo. Wataitengeneza kidogo wao wenyewe, nisihangaike.

Mkwaruzo ule ulikuwa ni uvimbe, na sikumwambia.

Gemu iliyotengenezwa ililetwa alasiri moja. Mama alikuwa kwenye mkeka sebuleni anachambua mlenda, na mimi, kwa kiherehere changu, sikuvaa hedifoni. Nilitaka aone kazi yake. Dude likaja likichechemea, likafika mlangoni. Halikubisha. Lilipiga teke mlango, kichwa cha redio kikawaka, na sauti ya mama yangu ikasema sebuleni kwangu, polepole, neno moja moja:

"Nakulaani, mwanangu."

Mikono ya mama ilisimama ndani ya ungo.

Mimi ni mtu niliyesoma. Najua namba zinavyokuwa picha, na najua sauti inavyokatwa vipande ikaunganishwa. Niliogopa vilevile. Kwetu radhi ya mama ndiyo paa lako. Unaweza kukosa mali, kukosa mume, kukosa mtoto, watu wakakuonea huruma, lakini aliyelaaniwa na mama yake hata jirani anakata shauri kutomwazima jembe. Na mama yangu, ambaye tangu anizae alikuwa ananiita mwanangu kwa kuniuliza nimekula nini, alikuwa amesikika akinilaani, na hakuwa na sauti ya kusema si mimi. Aliniinulia viganja vyake vyote viwili, vina majani yamegandia, akatikisa kichwa haraka haraka. Nikamwambia najua, mama, najua. Akaendelea kutikisa.

Nilimpigia msimamizi nikiwa sijui naanzia wapi. Kumbe walikuwa wametumia chombo cha akili mnemba. Unakilisha sauti ya mtu, unakiandikia maneno, kinayasema. Maneno yenyewe yalitafsiriwa na chombo kingine, kutoka kwenye tusi dogo la kwao ambalo mtu hulitoa akijigonga kidole mlangoni. "Mwanangu" walilichukua kwa sababu lilikuwa kwenye rekodi mara nyingi na lilisikika vizuri. Nilimweleza walichokisema. Uso ukamwiva. Alikuwa mtu mwema, hilo silitoi. Akaomba samahani ya kweli safari hii, akasema litafutwa leo leo, niandike mimi maneno ninayotaka. "Mama yako atasema chochote utakachopenda," akanihakikishia.

Alilisema kunifariji. Mimi nikaona tumbo la kusagia na shingo ya bomba, na mtu mbali huko na kisanduku chake.

Kisha akaniambia jambo jingine. Katika kumweleza nilikuwa nimemtajia kwamba mama hasemi tena. Chombo hichohicho angeweza kuniwekea kwenye kompyuta yangu, bure. Mama angekuwa anaandika, nacho kinasema kwa sauti yake mwenyewe. Kungekuwa na sharti moja tu la kampuni: sauti ama imo kwenye chombo ama haimo. Nikitaka isitumike tena kwenye gemu wataifuta yote, na chombo cha mama kitakufa nayo. Nikiiacha, gemu itaitumia na mama ataitumia.

Nilitaka. Naweza kusema ni kwa ajili ya muuza mboga na yule jirani, lakini nilitaka kwa ajili yangu. Nilitaka kuitwa kula.

Nikaweka chombo, nikamkalisha mama mbele ya kompyuta, nikamwelekeza. Aliandika kwa kidole kimoja, taratibu, akabonyeza.

"Mwanangu, umekula?"

Nililia palepale, kwa sauti, kama mtoto. Mama alishtuka, akaweka mkono kinywani, kisha macho yakacheka. Akaandika tena. "Zoloto amerudi uwanjani." Akaandika "Mpwapwa, Mpwapwa, unanipata? Ovaa." Muuza mboga akabisha hodi nje, na mama akainama kuandika "karibu" kwa pupa, herufi zikampotea, akafuta akaanza upya, na kompyuta ilipoitikia yule mama wa watu alikuwa ameshafika nyumba ya tatu. Tukacheka, yeye bila sauti. Nilijua nimeshaamua. Madude yaseme yanavyotaka, nilijiambia, mimi nina mama yangu.

Akaandika tena, akatumia muda, akabonyeza.

"Nakubariki, mwanangu."

Tabasamu langu lilikuwa bado liko usoni. La mama likaondoka. Akabonyeza tena, akasikiliza ameinamisha kichwa, kama alivyokuwa anasikiliza zahanati za mbali. Akabonyeza mara ya tatu. Kisha akanionyesha kwa kidole nifungue gemu. Sikutaka. Akanipiga kofi dogo la mkono, fungua. Nikafungua nakala iliyokuwa bado kwenye kompyuta yangu, dude likaja, likapiga teke mlango.

"Nakulaani, mwanangu."

Akarudi kwenye chombo. "Nakubariki, mwanangu." Ilikuwa sauti ileile, mshuko uleule, pumzi ileile katikati, na mkwaruzo ukiangukia palepale. Neno moja lilikuwa limetolewa na jingine kuwekwa mahali pake, na chombo hakikuhisi tofauti. Ningekuwa chumba cha pili ningedhani ni maneno yaleyale.

Mama akanigeukia, akafanya kiganja kama anayefuta ubao.

"Hapana, mama."

Akafanya tena.

"Mama, hii ni sauti yako! Ukiifuta hii hutasema tena. Unanielewa? Hutasema tena kabisa!" Nilikuwa napiga kelele. Nilimpigia kelele mama yangu, mgonjwa, asiyeweza kunijibu, nikamwambia ana kiburi, nikamwambia hajui anachokitupa. Akaningoja nimalize. Akachukua simu, akaandika, na yangu ikalia mfukoni.

"Mtu akishika jina la kituo chako redioni akaitia watu, unafunga kituo. Ovaa."

Nilikaa chini kwenye mkeka. Alikuwa ameifanya kazi ile nusu ya maisha yake, na nilijua kwamba hasemi kwa hasira. Barua ya kampuni niliiandika kesho yake. Walifuta kila kitu kama walivyosema, dude siku hizi linavuma tu kama pangaboi, na mimi sikuomba kazi nyingine kwao. Lakini alasiri ile bado nilikuwa kwenye mkeka, nimeegemea ukuta, na nitasema kilichokuwa moyoni mwangu. Nilikuwa naogopa. Laana ilikuwa imesikika masikioni mwangu kwa sauti ya mama yangu, na baraka iliyoifuata ilikuwa imetoka kwenye chombo kilekile. Hapakuwa na neno la tatu, la mama mwenyewe. Sauti ya kulitoa ilikuwa imekatwa.

Mama alinitazama, akajua. Akaenda mtungini, akarudi na kikombe cha maji, akapiga magoti mbele yangu kwa shida. Wazee wetu wakikubariki huchukua maji mdomoni wakakupulizia usoni. Bibi alinifanyia hivyo nikienda sekondari, na nilikimbia kwa sababu ya ugoro wake. Mama hakuwahi, alikuwa mtu wa kanisa. Akapiga funda, akanishika kichwa kwa mikono miwili, akavuta pumzi, akapuliza.

Pumzi haikupita mdomoni. Ilitokea shingoni, ikainua kile kitambaa cheupe, fuu, na maji yakabaki yamemjaa mashavuni. Akajaribu tena, macho yamemtoka kwa nguvu, kitambaa kikainuka tena. Kisha midomo ikamlegea na maji yakamtiririka kidevuni, yakaanza kulowesha gauni. Nikasema basi, mama, inatosha. Akaniwekea kidole mdomoni ninyamaze. Akayakinga maji yale kidevuni mwake kwa kiganja, akanipaka usoni, paji la uso, macho, mashavu, taratibu, hakuacha mahali, na midomo yake ilikuwa inatembea, inasema maneno ambayo sikuyasikia na sitayajua.

Alipomaliza alibaki amenishika, akaningoja. Nikaitikia ameni, kwa sauti kubwa, kisha nikaitikia tena kwa ajili yake.